Klova nyeupe inapotea kwenye malisho ya kondoo: tafuta chanzo kwenye rando, usikitafute kwenye jani

Mfugaji akiniambia klova yake, ule mmea wa malisho wenye vijani vitatu, imekufa, humuuliza kwanza kama alipiga magoti kuitazama. Wengi huikagua wakiwa wamesimama. Ukisimama unaona majani tu, na jani la klova leo lipo, kesho limeliwa, wiki ijayo limechipua tena. Uhai wa klova nyeupe uko kwenye shina linalotambaa juu ya udongo. Hapa nitaliita rando, kwa kuwa linatambaa na kutoa mizizi kwenye vifundo kama marando ya viazi vitamu. Rando likiwa hai, klova unayo hata kama huoni jani hata moja. Likifa, klova imekwenda hata kama bado unaona vijani vichache vya kijani.

Kwa hiyo kabla ya kusoma dalili yoyote hapa chini, chukua kisu uende malishoni. Kata kipande cha udongo pamoja na nyasi zake, upana wa viganja viwili, kina cha sentimita 8 hivi, ukiinue. Tenganisha nyasi kwa vidole hadi upate rando moja, kisha lifuate taratibu kutoka ncha hadi nyuma. Rando zima ni gumu kidogo, la kijani au lenye wekundu, na kila baada ya sentimita moja au mbili lina kifundo: juu kuna jani au kichipukizi, chini kuna mzizi mweupe ulioshika udongo. Rando linalokufa huwa jeusi na laini, ukilivuta linakatika bila ukinzani. Ukifika kwenye mizizi midogo utaona vinundu, saizi ya kichwa cha pini au vikubwa kidogo. Pasua vichache kwa ukucha. Vyenye rangi ya waridi ndani vinafanya kazi ya kunasa naitrojeni kutoka hewani. Vya kijani au kahawia vimezeeka au vimeacha kazi. Vilivyo vyeupe vitupu ni vichanga, au vina bakteria wasiofaa.

Rudia sehemu tano au sita tofauti, pamoja na pale panapoonekana pazuri. Pazuri na pabaya vikiwekwa kando kwa kando hukuonyesha tofauti ambayo picha haiwezi kukuonyesha.

Hakikisha kwanza kwamba ni klova nyeupe

Hili si swali la kitoto. Kuna gugu lenye vijani vitatu vyenye umbo la moyo na ladha chachu ukitafuna, na wapo wanaolihesabu kama klova. Kijani cha klova nyeupe ni cha duaradufu au mviringo, mara nyingi kina alama nyeupe kama herufi V katikati, na hakina manyoya. Shina lake linatambaa na kutoa mizizi. Klova nyekundu ina manyoya na inasimama wima, hivyo ukikuta mmea wenye kitovu kimoja kilichosimama bila marando, huenda uliuziwa kingine.

Kuna pia klova nyeupe ya Kenya, Trifolium semipilosum, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Inatambaa na ina ua jeupe, lakini ni spishi nyingine, na majani yake yana manyoya upande wa chini. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko unavyodhani, kama utakavyoona kwenye habari ya bakteria.

Kama uko ukanda wa joto na sehemu za tambarare za chini, usihangaike. Klova nyeupe ya kawaida, Trifolium repens, ni mmea wa baridi na unyevu. Karibu na ikweta inastawi nyanda za juu tu. Chini kwenye joto na ukame haitadumu, hata ukiitunza vipi.

Mbegu ilipandwa, klova haikuonekana

Kosa la kwanza ninalolishuku ni kina. Mbegu ya klova nyeupe ni ndogo mno: kilo moja ina mbegu kama milioni 1.5. Chakula kilichomo ndani ya mbegu moja hakitoshi kuusukuma mche kutoka mbali. Ipandwe juu juu, nusu sentimita hadi sentimita moja, basi. Ikizikwa sentimita 3 pamoja na mbegu za nyasi, nyasi zitatoka na klova itabaki huko huko. Ukifukua utakuta nyuzi nyeupe zilizojikunja chini ya ardhi: hiyo ni miche iliyoota ikashindwa kufika juu.

La pili ni udongo uliolegea. Mbegu ndogo inataka kushikana na udongo ili ivute maji. Tembea juu ya shamba lililotayarishwa: kiatu kikizama zaidi ya sentimita moja, udongo bado haujashikana, ushindilie kwa rola kabla ya kupanda na mara nyingine baada ya kupanda.

La tatu ni baridi. Udongo ukiwa chini ya nyuzi 8 hivi za Selsiasi, klova inajivuta wakati nyasi kama raigrasi zinaendelea kukua. Ukipanda mwishoni mwa msimu, baridi inaingia kabla miche haijatoa marando, na mche usio na rando hauna pa kujificha. Panda mapema ili upate wiki nyingi za joto na unyevu mbele yako.

La nne ni konokono wasio na gamba, wale wanaoitwa koa. Hawa huja usiku na kukata miche ikiwa na majani mawili ya kwanza, na asubuhi unabaki na udongo mtupu ukidhani mbegu ilikuwa mbovu. Weka magunia machache yaliyolowa au vipande vya mbao jioni, vifunue alfajiri. Ukiwakuta wamejikusanya chini yake, umempata mwizi. Hatari ni kubwa zaidi ukipanda moja kwa moja kwenye nyasi za zamani bila kulima, kwa sababu hapo ndipo wanapoishi.

Na la tano, ambalo watu hawapendi kulisikia: ulipanda nyasi nyingi mno. Kiasi cha kawaida ni kilo 2 hadi 4 za klova kwa hektari katika mchanganyiko. Kilo 3 ni mbegu kama 450 kwa kila mita ya mraba, nazo zinatosha. Mtu akiona klova haikutoka, mwaka unaofuata huongeza mbegu za klova. Mara nyingi dawa ni kupunguza mbegu za nyasi, ili mwanga ufike chini.

Miche imeota lakini imedumaa na ina rangi ya njano

Hapa ng'oa mche mzima na udongo wake, usiuvute, maana vinundu hubaki ardhini. Osha mizizi kwenye ndoo ya maji.

Hakuna vinundu kabisa, au vipo vyeupe vidogo vidogo: bakteria wanaohitajika hawapo. Klova nyeupe inashirikiana na bakteria wa jamii ya Rhizobium, na si kila rizobia atakubalika. Waliozoea maharage hawafai hapa. Hata klova ya Kenya niliyoitaja juu inataka aina yake yenyewe, tofauti na ile ya klova nyeupe ya kawaida. Kwenye shamba ambalo halijawahi kuwa na klova, mbegu lazima ichanganywe na unga wa bakteria sahihi kabla ya kupandwa. Bakteria hao ni viumbe hai. Pakiti iliyokaa juani kwenye gari imekufa hata kama tarehe yake bado nzuri. Mbegu iliyochanganywa na unga huo ipandwe mara moja, isiachwe juani, na isigusane na mbolea ya chumvichumvi.

Vinundu vichache, mizizi mifupi na minene, mche umejikunyata: shuku uchachu wa udongo. Klova nyeupe inataka pH kati ya 5.6 na 6.5, na mimi hulenga 6.0. Chini ya hapo bakteria wanapungua, alumini inaanza kuiunguza mizizi, na molibdenamu, ambayo vinundu haviwezi kufanya kazi bila yake, inafungwa na udongo. Ndiyo maana chokaa ya kilimo mara nyingine huifanya klova igeuke kijani kibichi bila mbolea nyingine yoyote. Lakini chokaa ni ya polepole. Iweke miezi kadhaa kabla ya kupanda, na uichanganye na udongo. Kumwaga chokaa juu ya miche inayougua ni kuchelewa.

Vinundu vipo na vina waridi, lakini mche ni mdogo, kijani kilichokolea sana, pengine na wekundu kwenye mashina: hiyo ni njaa ya fosforasi. Klova ina mizizi michache kuliko nyasi, hivyo nyasi hunyakua fosforasi kwanza. Ni vivyo hivyo kwa potasiamu. Pima udongo kabla ya kununua mbolea. Kupima ni nafuu kuliko msimu mzima uliopotea.

Ilipendeza mwaka wa kwanza, mwaka wa pili au wa tatu haipo

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi, na ndiyo nitakayokaa nayo.

Anza na jambo ambalo watu wengi hawalijui. Klova nyeupe iliyotoka kwenye mbegu ina mzizi mkuu unaokwenda chini. Mzizi huo hufa, kwa kawaida kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Kuanzia hapo mmea mzima unategemea vimizizi vya kwenye vifundo vya marando, ambavyo ni vya juu juu. Kwa hiyo mwaka wa pili una mmea tofauti na ule uliokuwa nao mwaka wa kwanza. Ukame wa wiki chache ambao mwaka wa kwanza haukuonekana, mwaka wa pili unaua. Na kama katika miezi ile ya kwanza marando hayakupata nafasi ya kutambaa na kushika udongo, mzizi mkuu ukifa hakuna wa kurithi. Mfugaji huona klova imepotea ghafla, kumbe ilishaanza kupotea mwaka mmoja nyuma.

Sasa uliza, nani aliyayanyima marando nafasi?

Mara nyingi ni mdomo wa kondoo. Ng'ombe huzungusha ulimi na kukata juu. Kondoo ana midomo myembamba inayochagua, na meno yanayofika hadi usawa wa udongo. Anapewa nyasi na klova, anaitafuta klova. Watafiti waliowaachia kondoo uhuru kamili wa kuchagua kati ya klova na raigrasi waliwakuta wakila klova kwa takriban asilimia 70, wakiipendelea zaidi asubuhi na kugeukia nyasi kadiri jioni inavyokaribia. Kwa hiyo malisho yenye klova asilimia 20 yakiachiwa kondoo mfululizo, klova inaliwa na kurudiwa, nyasi zinapumzika. Jani likichipua linakatwa kabla halijarudisha chakula kwenye rando. Rando linakonda, vifundo vinakaribiana, matawi hayatoki.

Pima kwa jicho: fuata rando ukitumia kidole, hesabu matawi pembeni. Rando lenye afya lina matawi yake, nayo yana matawi mengine. Rando lililochoshwa na kondoo ni uzi mmoja mwembamba wenye jani moja kwenye ncha.

Dawa yake ni mapumziko. Gawa malisho katika padoki, yaani vipande vilivyotengwa kwa ua, waingize kondoo nyasi zikiwa na kimo cha sentimita 8 hadi 10, watoe zikifika 4, kisha pumzisha wiki tatu hadi nne wakati wa ukuaji, na zaidi wakati wa ukame au baridi. Kondoo wasikae padoki moja hadi klova ianze kuchipua tena wakiwa bado humo, kwa sababu watakula machipukizi. Siku tatu ni bora kuliko siku kumi. Kama huwezi kugawa malisho na kondoo lazima wakae mfululizo, usiruhusu kimo kishuke chini ya sentimita 4, na soma sana aya zinazofuata kuhusu aina ya mbegu.

Klova nyeupe zinatofautiana kwa ukubwa wa jani, na ukubwa wa jani unakueleza tabia ya mmea mzima. Yenye jani kubwa husimama juu, vikonyo virefu, marando manene lakini machache. Inavuna mwanga vizuri, inafaa kukatwa na kwa ng'ombe wanaohamishwa kwa mzunguko kutoka padoki hadi padoki. Ladino, asili yake kaskazini mwa Italia, ni mfano unaojulikana. Yenye jani dogo hukaa chini, marando membamba mengi kama wavu uliotandazwa ardhini. Mavuno yake kwa mwaka ni madogo, lakini kondoo hawawezi kuimaliza, kwa sababu sehemu kubwa ya mmea iko chini ya meno yao. S184 iliyozalishwa Aberystwyth, Wales, ni ya kundi hilo, na Tahora ya New Zealand ilitokana na mimea iliyokusanywa kwenye malisho ya vilimani. Katikati kuna aina kama Huia, ya New Zealand pia, yenye jani la kati.

Kwa kondoo wa kulishwa mfululizo na kwa karibu, mimi nachagua jani dogo bila kusita. Kwa mzunguko wenye mapumziko ya kweli, jani la kati liwe sehemu kubwa ya mchanganyiko na dogo liwepo kama akiba. Jani kubwa peke yake kwa kondoo wanaokaa mfululizo silishauri kwa mtu yeyote. Nimeona mwenyewe padoki iliyopandwa klova ya jani kubwa, mwaka wa kwanza ikiwa kama zulia, wageni wakija kuipiga picha. Kondoo waliachwa humo majira yote. Baada ya miaka miwili nilitafuta rando kwa nusu saa nikapata matatu. Mbegu ilikuwa nzuri. Ilichaguliwa kwa mnyama mwingine.

Wakati mwingine lakini kosa ni kinyume chake: nyasi zimeachwa ndefu mno. Kifundo cha rando kinahitaji mwanga ili kitoe tawi. Nyasi zikifika sentimita 15 na zaidi na kukaa hivyo wiki nyingi, chini kunakuwa giza, klova inarefusha vikonyo vya majani kutafuta mwanga na inaacha kutoa matawi. Ukikuta majani machache juu ya vikonyo virefu vyembamba, na chini marando meupe yasiyo na matawi, hapo tatizo ni kivuli. Walete kondoo wale nyasi hadi chini mara moja, kisha uwatoe. Kuzishusha nyasi kabla ya msimu wa baridi au mwanzoni mwa ukuaji, kisha kupumzisha, hufungua mwanga kwa klova wakati inauhitaji mno. Inaonekana kama najipinga: juu nimesema kondoo wasiile sana klova, hapa nasema leteni kondoo. Tofauti iko kwenye muda. Kula kwa nguvu na kuondoka kunaisaidia klova. Kula kidogo kidogo kila siku kunaimaliza.

Halafu kuna mbolea ya naitrojeni. Ukiweka yurea nyingi nyasi zinapaa, kivuli kinaongezeka, na vinundu vya klova vinapunguza kazi kwa kuwa naitrojeni ipo bure kwenye udongo. Utaona ramani yake malishoni: mahali kondoo walipokojoa, nyasi zimekolea na klova imekonda. Malisho ambayo klova ni karibu asilimia 30 ya uzito wake yakikaushwa, kwa mwaka yanaweza kunasa kilo 100 hadi 200 za naitrojeni kwa hektari. Anayenunua naitrojeni juu ya hapo analipia mara mbili, kisha anaidhuru ile ya bure.

Angalia pia aliyepuliza dawa ya magugu. Klova ni mmea wa majani mapana, na 2,4-D, MCPA, dikamba na klopiralidi huiua pamoja na magugu. Majani hujipinda, vikonyo vinasokotana, na ndani ya wiki chache marando yanakuwa meusi. Zile ambazo majina yake yanaishia na B, yaani 2,4-DB na MCPB, klova huzivumilia zikitumiwa kwa kiwango sahihi. Moja haionekani kirahisi: aminopiralidi hupita tumboni mwa mnyama ikabaki kwenye samadi. Klova ikijipinda mahali ulipomwaga samadi tu, ulizia malisho ya wanyama walioitoa.

Alama kwenye majani

Kingo zimekatwa kama kwa koleo dogo, nusu duara nusu duara: ni fukusi wa klova wa jenasi ya Sitona. Madhara ya kweli yako chini, kwa sababu mabuu yake hula vinundu na mizizi. Fukusi mmoja wa jamii hii aligunduliwa New Zealand mwaka 1996 na kuharibu klova nyingi huko, hadi mwaka 2006 nyigu mdogo wa vimelea kutoka Ireland alipoachiliwa kumdhibiti. Ukiona kingo zilizokatwa, fukua utafute vinundu vilivyotobolewa na funza weupe wasio na miguu. Miche ndiyo inayokufa. Marando ya zamani yenye nguvu huvumilia.

Matundu yasiyo na mpangilio na utelezi unaong'aa: koa.

Vidoa vidogo vyeupe pembezoni mwa jani, baadaye kingo zinakauka: upungufu wa potasiamu. Hutokea sana mahali ambapo nyasi zinakatwa na kubebwa kila mwaka bila kurudishwa kitu.

Nyuzi nyeupe kama pamba kwenye shina wakati wa baridi na unyevu, kisha punje nyeusi ngumu: kuvu wa kuoza. Kwa klova nyekundu ni janga zaidi. Kwa nyeupe, punguza msongamano wa majani kabla ya majira ya baridi na usirudishe klova pale pale kwa miaka kadhaa.

Alama ya V ikififia katika mimea fulani si ugonjwa. Ni maumbile.

Klova imezidi nyasi

Jicho hudanganywa hapa. Majani ya klova yamelala bapa, nyasi zimesimama, hivyo ukitazama kutoka juu klova inaonekana nyingi kuliko ilivyo. Kata kiganja kimoja cha malisho, tenga, kausha, pima. Ukikuta kweli imepita nusu, basi naitrojeni iliyojikusanya itazipa nyasi nguvu mwaka unaofuata na mizani itageuka yenyewe. Malisho haya yanapanda na kushuka, na mabadiliko ya mwaka mmoja yasikutie hofu. Cha kutia hofu ni kondoo.

Kondoo wenyewe wanaonyesha dalili

Ubavu wa kushoto umetuna, mnyama anapumua kwa shida, anapiga teke tumbo lake, haendi kula: amejaa povu tumboni. Klova ina protini nyingi inayoyeyuka haraka, na majani yake hayana tanini ya kuizuia, hivyo gesi hukwama ndani ya povu na mnyama hawezi kuicheua. Kondoo hupatwa kidogo kuliko ng'ombe, lakini hufa vilevile. Msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu. Mnyweshe mililita 50 hadi 100 za mafuta ya kupikia ya mimea, polepole, kichwa kisiinuliwe sana ili yasiingie mapafuni. Mtembeze, mwite daktari wa mifugo. Kinga ni rahisi kuliko tiba: usiwaingize wenye njaa kwenye klova changa yenye umande. Wape nyasi kavu kwanza, wape saa moja siku ya kwanza, ongeza taratibu.

Wanakondoo walionona wanakutwa wamekufa asubuhi bila dalili ya jana yake: shuku sumu ya bakteria Clostridium perfringens aina ya D, ambao huzaliana chakula kinapobadilika ghafla kuwa kitamu na laini. Aliyekufa hatibiki. Chanjo ipo, dozi mbili zikipishana wiki nne hadi sita na nyongeza kila mwaka. Wachanje kabla ya kuwahamishia kwenye klova.

Majike hawashiki mimba. Hofu hii ilianzia Australia Magharibi miaka ya 1940, ambako kondoo wengi walipoteza uzazi, lakini chanzo kilikuwa klova ya chini ya ardhi, Trifolium subterraneum, yenye viambato vinavyofanana na homoni ya kike. Klova nyekundu inavyo pia. Klova nyeupe yenye afya ina kiasi kidogo. Ila majani yake yakishambuliwa na kuvu, kiambato kimoja kiitwacho kumestroli huongezeka, hivyo msiwaweke majike kwenye klova yenye madoa mengi wiki za kupandisha.

Kuirudisha bila kulima upya

Ukikuta marando hai hata machache kila kipande ulichokata, usinunue mbegu. Rekebisha chokaa na fosforasi, badilisha namna ya kulisha, subiri msimu mmoja. Marando yakipewa mwanga na mapumziko yatajaza nafasi.

Ukikosa kabisa, panda juu ya nyasi zilizopo. Shusha nyasi kwa kondoo hadi sentimita 3, ondoa zilizokauka hadi uone udongo, mwaga kilo 3 hadi 4 kwa hektari wakati udongo una joto na mvua inatarajiwa, kisha ruhusu kondoo wakanyage siku mbili tatu ili mbegu ishikane na udongo. Watoe kabla haijaota. Nyasi zikianza kuitia miche kivuli, warudishe kwa muda mfupi, udongo ukiwa mkavu. Kabla ya kuwarudisha shika mche mmoja kati ya vidole viwili uuvute kama kondoo angeuvuta: ukikatika jani na mzizi ukabaki ardhini, fungua lango. Ukitoka mzima na mizizi yake, funga na urudi baada ya wiki moja.